Diski ya Zamani, Kompyuta Mpya: Fundi Anajibu Wasomaji

Meseji za mwezi huu karibu zote zimeangukia sehemu moja, mtu kanunua kompyuta mpya (au ya mtumba ila kwake ni mpya), ile ya zamani imemfia mkononi, na sasa anataka diski yake ihamie humo. Nimechagua chache ambazo naona zitawafaa wengi. Kabla sijajibu hata moja naomba niseme kitu ambacho kinanikaa sana rohoni: diski yenyewe utaikuta dukani, ila vilivyomo ndani yake havipo duka lolote. Kwaiyo swali la kwanza liwe nitakopi wapi, hilo la itaingia wapi litafuata baadae.

Habari za kazi fundi. Nina studio ya picha na video za harusi hapa Morogoro. Dekstopu yangu iliungua powa saplai umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu. Nimenunua kale kakompyuta kadogo ka mtumba wa ofisi kanakofungwa nyuma ya skrini. Diski yangu ni ile kubwa nzito ya terabaiti moja, ina picha za wateja ambao bado sijawapa albamu zao. Fundi jirani aliichomeka kwa waya wa USB ikagoma kuonekana, baadae ikaonekana lakini Windows inasema lazima ifomatiwe ndo itumike. Ananiambia nikubali alafu atazirudisha picha kwa programu. Nikubali? (Mpiga picha, Morogoro)

Usikubali ndugu yangu, nakuomba sana usikubali, na kama dirisha hilo bado liko kwenye skrini bonyeza Cancel sasa hivi kabla hujaendelea kusoma.

Ule ujumbe maana yake ni moja tu, Windows imeshindwa kusoma mwanzo wa diski yako. Hausemi picha zimefutika. Ukifomati unaandika jedwali jipya (ile orodha inayoonyesha kila faili liko wapi) juu ya lile la zamani, na mbaya zaidi, tangu enzi za Windows Vista ile fomati kamili (usipoweka tiki kwenye Quick Format) inaandika sifuri diski nzima toka mwanzo hadi mwisho, na ikishamaliza hakuna programu wala fundi wa kurudisha kitu. Sasa huyo jirani akisahau hiyo tiki moja, harusi zote za watu zimeondoka.

Tuje kwenye chanzo. Diski kubwa za dekstopu, zile za inchi 3.5, zinataka umeme wa aina mbili, volti 5 za saketi na volti 12 za kuzungusha mota. USB ya kawaida inatoa volti 5 tu. Diski ndogo za laptopu za inchi 2.5 zinaishi na hizo 5 ndo maana waya wa USB peke yake unazitosha, ila yako hapana. Nina wasiwasi mkubwa kwamba jirani ametumia waya wa laptopu, au katumia adapta yenye kichwa chake cha ukutani lakini kichwa kimechoka, diski inaanza kuzunguka inakosa nguvu inasimama inaanza tena, na Windows ikikutana na diski ya namna hiyo inaona kama haina kitu. Kwaiyo kabla ya yote tafuta adapta ya USB kwenda SATA (ndo soketi ya diski kama yako) yenye umeme wake wa ukutani wa volti 12, au kama kuna rafiki ana dekstopu nzima, ichomeke humo moja kwa moja kwenye madabodi kwa waya wa SATA. Hako kakompyuta kako usihangaike kukafungua, tena vingi vya aina hiyo ndani vina nafasi ya diski ya inchi 2.5 tu, yako haitoshi.

Ukishaipa umeme sahihi weka sikio karibu. Ikizunguka kwa sauti moja ya kutulia, vizuri. Ikigonga tak tak tak kwa mpangilio na kuacha, zima hapo hapo, kile kichwa kinachosoma kinatafuta njia hakipati na kila dakika unayoiacha iwake unaongeza majeraha. Isipozunguka kabisa inawezekana ule umeme ulipiga pia saketi ya kijani iliyo mgongoni mwa diski. Hapo kuna mafundi watakwambia tunatoa saketi ya diski nyingine inayofanana tunafunga, na kweli zinafanana kwa macho, lakini kwenye diski nyingi saketi ina chipu iliyobeba vipimo vya diski hiyo hiyo tu, bila kuihamisha chipu hiyo haitasoma. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye vifaa na anayeijua.

Tuchukulie imezunguka vizuri. Pakua CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski, ni ya bure, ifungue uangalie rangi: bluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbovu. Angalia hasa mistari miwili, Reallocated Sectors Count (sehemu mbovu zilizokwisha badilishwa) na Current Pending Sector Count (sehemu zinazosumbua kusomeka). Zikiwa sifuri pumua, zikiwa na namba na zinaongezeka basi diski inakufa taratibu na una nafasi chache za kuisoma. (Adapta nyingine za USB zinazificha hizi taarifa, usishtuke, jaribu adapta nyingine.) Na tafadhali mtu asikwambie uendeshe chkdsk (programu ya Windows ya kukagua diski) kwenye diski mgonjwa, ile inarekebisha jedwali kwa kuandika kwenye diski yenyewe na inaisukuma kazi kubwa wakati haina nguvu.

Kama diski ni nzima na mafaili yameonekana baada ya umeme kukaa sawa, kopi. Anza na zile za wateja wanaosubiri, usianze na filamu na nyimbo. Hesabu muda vizuri maana umeme wetu unaujua: terabaiti moja kwa USB 3 kwa mwendo wa megabaiti 100 hivi kwa sekunde ni kama masaa matatu, kwa USB 2 ni kama masaa nane. Bora uifanye kwenye UPS (lile boksi la betri la kushikilia umeme), laptopu ina betri lakini diski yako inakula ukutani, umeme ukikata yenyewe ndo inayozima.

Kama mafaili hayajaonekana, au namba ni mbaya, usifanye kazi juu ya diski yenyewe. Nunua nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi, washa kompyuta kwa Linux toka kwenye fleshi, tumia ddrescue kunakili diski nzima kwenda kwenye mpya. Uzuri wake inachukua kwanza maeneo yanayosomeka kirahisi, yale mabovu inayaruka alafu inayarudia mwishoni, kwaiyo hata diski ikifa katikati utakuwa umeshaokoa sehemu kubwa. Baada ya hapo fanyia kazi ile nakala: TestDisk inaweza kurudisha jedwali likiwa na folda zako zote, na ikishindikana PhotoRec inachimba picha moja moja, zikiwemo zile RAW za kamera, ila majina ya mafaili yanapotea, utakaa uzipange harusi kwa harusi. Ni kazi ya kuchosha lakini wateja watapata picha zao.

Assalam aleikum. Nimeondoa diski yenye Windows 7 kwenye kompyuta ya dukani nikaitia kwenye kompyuta mpya ili nisianze upya na programu yangu ya hesabu. Inaanza kuwaka, inaleta skrini ya bluu yenye 0x0000007B, inajizima. Kwengine nilipojaribu haikuonekana kabisa kwenye orodha ya kuwashia. Diski imeharibika? (Mwenye duka, Mombasa)

Waaleikum salaam. Diski yako haina neno mama. Windows 7 inapowaka inabeba zile draiva za kusomea diski ilizozizoea kwenye madabodi yake ya zamani. Umeihamishia nyumba nyingine, chipu inayosimamia diski ni nyingine, haina draiva yake, kwaiyo inafika katikati haiwezi tena kujisoma yenyewe. Hiyo namba 7B ndo kilio chake. Kuna ujanja wa kubadilisha setingi ya SATA kwenye BIOS (programu ndogo inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows) toka AHCI kwenda IDE, yaani toka namna mpya ya kuongea na diski kwenda ya zamani, na wakati mwingine inawaka kweli, lakini kompyuta nyingi mpya hiyo setingi hazina.

Na ile iliyokataa kuionyesha kabisa, hiyo ni kwa sababu mashine mpya nyingi zinawasha kwa UEFI tu (mrithi wa BIOS), wakati diski za zamani nyingi zilipangwa kwa mtindo wa MBR unaohitaji BIOS ya kizamani. Zinaiona diski kama sehemu ya kuweka vitu ila haziikubali kama ya kuwashia.

Windows 10 na 11 zina uvumilivu zaidi, unaweza kuhamisha diski ikakaa dakika kadhaa ikijipanga na ikawaka. Lakini hata ingekuwa hivyo ningekushauri vile vile: iache hiyo Windows 7 ipumzike. Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 nayo huduma yake ya kawaida ikaisha 14 Oktoba 2025. Hesabu za duka, madeni ya watu, kumbukumbu za kodi, vyote hivyo viko humo, na mashine isiyopata apdeti tena ikiingia intaneti kila siku mimi inanipa hofu. Alafu leseni iliyokuja na kompyuta kiwandani imefungwa na madabodi ile ya zamani, ukihama itakusumbua.

Fanya hivi. Diski ya zamani ichomeke kama ya pili, mpya iwe ndo inayowasha. Programu ya hesabu iinstoli upya kwenye mpya, usikopi folda ya Program Files ukidhani itafanya kazi, programu ikiinstoliwa inatawanya vipande vyake sehemu nyingi za Windows na ukibeba folda moja imepungukiwa. Kinachobebwa ni data. Kama ni QuickBooks tafuta faili linaloishia na .QBW, kama ni Tally tafuta folda inayoitwa Data, kopi yote ilivyo. Na kama ile kompyuta ya zamani bado inawaka hata kwa kusuasua, irudishe diski kwake, fungua programu, tumia bekapu ya programu yenyewe, hiyo ndo salama kupita zote. Usisahau barua pepe kama ulikuwa unatumia Outlook, ni faili la .pst, linaweza kuwa ndani ya folda ya AppData ambayo imefichwa, lazima uwashe kuonyesha vilivyofichwa ndo uione.

Kijana wangu, mimi ni mwalimu mstaafu. Nina diski ya kompyuta niliyoitumia zamani sana na Windows XP, ndani kuna maelezo yangu ya kufundishia na historia ya ukoo niliyoandika kwa mikono yangu. Ina waya mpana bapa. Mjukuu anasema kompyuta za siku hizi hazina pa kuichomeka. Je, nitupe? (Mwalimu, Bukoba)

Shikamoo mwalimu. Usiitupe kabisa, historia ya ukoo haina nakala kwingine.

Mjukuu yuko sahihi nusu. Hiyo ni IDE, waya bapa wa pini 40, na kompyuta za sasa hazina soketi yake tangu SATA ilipoingia sokoni mwaka 2003 na kuisukuma nje taratibu. Lakini kuna adapta ya USB yenye vichwa vitatu, IDE kubwa, IDE ndogo ya laptopu na SATA, pamoja na umeme wake wa pini 4 kubwa. Mwambie mjukuu aulize kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta kwa jina la USB kwenda IDE na SATA. Kabla ya kuchomeka aangalie vitu viwili. Cha kwanza, kati ya soketi ya data na ya umeme kuna pini chache zenye kakipande ka plastiki kanakoitwa jampa, kawe sehemu iliyoandikwa Master kwenye lebo ya diski. Cha pili, ile soketi ya pini 40 kawaida ina pini moja iliyokosekana katikati, hiyo ni alama ya kuonyesha upande, isilazimishwe, pini zikipinda ndo mwanzo wa matatizo.

Diski iliyolala miaka mingi inaweza kugoma kuzunguka mara ya kwanza. Msiigonge na msiifungue. Kichwa kinaelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko punje ya vumbi, ukiifungua sebuleni umeimaliza. Na ule ushauri wa kuiweka kwenye friza muukatae, ikitoka inatoa jasho ndani, unyevu huo ndo unaoua.

Ikisoma, maandiko yako yako kwenye folda inayoitwa Documents and Settings, ndani yake jina lako, ndani yake My Documents. Windows mpya itasema huna ruhusa, hilo lisiwatishe, wabonyeze Continue isubiri ibadilishe umiliki, ikigoma waingie Properties kisha Security wachukue umiliki wa folda. Paswedi ya zamani ya XP haizuii kitu hapo. Isipokuwa kama mafaili yana alama ya kufuli au majina yake yanaonekana kwa rangi ya kijani, maana yake yalifungwa kwa msimbo na XP na bila cheti chake hayafunguki, ila watu wachache sana waliwasha kitu hicho. Mafaili yenyewe, hata yale ya Microsoft Works, LibreOffice inayafungua na ni ya bure. Yakifunguka tu mjukuu ayakopi sehemu mbili tofauti siku hiyo hiyo, na historia ya ukoo aichape kwenye karatasi.

Niaje, diski yangu ya nje ya TB 4 port yake ya USB ilivunjika. Nikaitoa kwa ile kava nikakuta ni SATA kawaida, nikaweka ndani ya PC, sasa inaonyesha haina format. Disk ni mzima, SMART (ripoti ya afya ya disk) iko fiti. Nini mbaya? (Nairobi)

Hii wengi hawaijui na inawaumiza bure. Kava za diski za nje, hasa za zaidi ya TB 2, nyingine zina chipu inayotafsiri ukubwa wa sekta (vile vipande vidogo diski ilivyogawanywa), diski inaongea baiti 512, chipu inaiambia kompyuta ni 4096, ili hata Windows za zamani zenye mwisho wa TB 2 ziweze kuitumia. Jedwali la diski likaandikwa kwa hesabu ya 4096. Ukiitoa ukaichomeka moja kwa moja hesabu hazilingani tena, kompyuta inaona takataka. Data yote ipo.

Tafuta kava ya modeli ile ile, hata ya mtumba ambayo diski yake imekufa, rudisha humo, kopi vitu vyote kwenda sehemu nyingine, ndo baadae uifomati ikiwa ndani ya PC. Au mpe fundi wa kuchomelea abadilishe hiyo port, mara nyingi ndo njia rahisi kuliko zote. Kuna kava nyingine pia zinafunga data kwa msimbo ndani ya chipu yao hata kama hukuweka paswedi, hizo bila chipu yake hakuna kitu, kwaiyo ile kava ya zamani usiitupe hata kidogo. Na Windows ikikuuliza Initialize Disk, jibu ni hapana.

Laptopu ya mwaka juzi imekufa madabodi. Diski ni ile ndogo kama kipande cha bazoka. Nimenunua kasha lake la USB, kompyuta nyingine inaiona ila inaomba namba 48. Mimi sijawahi kuweka namba yoyote! (Mwanafunzi, Dodoma)

Dada, hiyo ni BitLocker, kufuli la Windows linalofunga diski nzima kwa msimbo, na ni kweli hukuiweka, Windows iliiwasha yenyewe siku ulipoingia na akaunti ya Microsoft kwenye laptopu mpya. Siku hiyo hiyo ikapeleka ufunguo kwenye akaunti hiyo. Fungua simu, ingia kwenye akaunti ya Microsoft uliyoitumia kwenye laptopu ile, nenda sehemu ya vifaa, utakuta recovery key, linganisha herufi nane za mwanzo za utambulisho na zile zilizoandikwa kwenye skrini, ziwe zinafanana ndo uingize namba. Jaribu akaunti zote ulizowahi kuwa nazo, pamoja na ile ya chuo kama laptopu iliwahi kuunganishwa nayo, na ile aliyokutengenezea aliyekuuzia.

Ufunguo usipopatikana popote, ukweli ni mgumu: haifunguki. Atakayekwambia anaivunja kwa laki mbili anataka laki mbili. Usimpe.

Kwa wengine wote mnaosoma hapa ambao laptopu zenu bado zinawaka, ufunguo uchukueni leo, uandikwe kwenye daftari.

Nimeshahamisha kila kitu kwenye kompyuta mpya. Diski ya zamani naweza kuifomati niiuze? (Msomaji, Zanzibar)

Bado. Iweke kabatini miezi michache kwanza, kuna kitu utakikumbuka, kuna folda ya AppData, kuna paswedi za brauza, kuna picha ya mtu ilikuwa kwenye Desktop ya mtumiaji mwengine. Fungua mafaili kadhaa kwenye kompyuta mpya uhakikishe yanafunguka, faili kuonekana jina lake peke yake haitoshi. Baada ya hapo, kama CrystalDiskInfo inaonyesha bluu, mimi ningeifanya ya bekapu kuliko kuiuza, inakaa nje ya kompyuta na kuchomekwa siku ya kukopi tu. Ukiamua kuiuza basi usifanye ile Quick Format, inafuta jedwali tu na vitu vyote vinarudishika kwa programu ya bure, fanya fomati kamili na uiache imalize hata kama ni usiku mzima.